Vuli mbili Luchelele: niliyojifunza kwa ndege na jua la jioni

Kwenye kadi ya kamera yangu kuna picha 214 za jioni moja ya Novemba 2022, na sijawahi kumwonyesha mtu hata moja. Katika nyingi kati ya hizo jua ni doa jeupe lisilo na umbo, maji yamekuwa rangi ya majivu, na wale ndege niliowafuata kwa nauli ya daladala na bodaboda ni mikwaruzo myeusi tu. Nane za mwisho zimetoka vizuri. Hizo nane ndizo ninazozificha zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Ninafundisha sekondari hapa Mwanza. Mwezi Oktoba mwaka ule, mbayuwayu walijaa kwenye nyaya za umeme mbele ya shule, na mwanafunzi wa kidato cha pili akaniuliza wametoka wapi, maana Agosti hawakuwepo. Nikamweleza kwamba wengi wao hutoka Ulaya na Asia: huko siku zinafupika, baridi inaingia, majani yanapukutika na wadudu wanaadimika, nao wanashuka kusini kufuata chakula. Akasema, "Kwa hiyo huko ni vuli, na huku pia ni vuli?" Ndivyo. Neno ni lile lile, lakini vuli yetu haina majani ya kupukutika. Ina mawingu, mvua za kwanza, na kumbikumbi wanaotoka ardhini, na hao ndio chakula cha mbayuwayu. Nikaona darasa lile linahitaji picha za ndege wetu na wageni wao, zilizopigwa hapa hapa Ziwa Victoria, si za kukata kwenye kalenda.

Kamera niliinunua imeshatumika, pamoja na lenzi ndefu ya kuvuta vilivyo mbali, ya milimita 300, jumla shilingi 1,150,000. Fedha hiyo nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya kuezeka, na nyumbani haikupokelewa vizuri. Anayetaka kuanza nampa neno hili: betri ya pili ni muhimu kuliko begi zuri. Yangu moja ilizima saa 12:20 jioni, siku ya tatu tu, wakati anga ndiyo kwanza linaanza kuwaka.

Kwanza nilikwenda pale wanapokwenda wote, kwenye lile jiwe la Bismarck karibu na kivuko cha Kamanga. Ni pazuri, na mnandi hukaa juu ya mawe yale wakitandaza mabawa kuyakausha, kwa kuwa manyoya yao hulowa wanapozama kutafuta samaki. Lakini watu ni wengi, na picha zangu zilifanana na za kila aliyewahi kusimama pale. Mara nyingine nilipiga picha za ndege waliotua juu ya nguzo karibu na eneo moja la vyombo vya majini, mlinzi akanijia, akanitaka nifute zote mbele yake. Nilikasirika, ila kosa lilikuwa langu: kwenye bandari na sehemu zenye ulinzi unaomba ruhusa kabla ya kuitoa kamera kwenye begi. Siku hizi nikifika mahali nisipopajua namtafuta mwenyekiti wa mtaa au mkubwa wa mwalo, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, namsalimu, namwonyesha ninachopiga. Huchukua dakika kumi, na hunipunguzia mashaka ya mwezi mzima.

Ndipo nikahamia Luchelele, ufukwe mwingine wa hapa hapa Mwanza. Unapanda daladala za kwenda Malimbe, unamalizia na bodaboda. Mji wetu umekaa upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, kwa hiyo ukisimama ufukweni jioni unaliangalia jua likishukia vilima vya upande wa Sengerema. Mwezi Oktoba na Novemba huzama kwenye saa 12:35, lakini vile vilima hulikata dakika chache kabla. Huku kwetu karibu na ikweta jua halizami kwa mshazari mrefu kama ninavyosikia kwa walio kaskazini. Linaanguka. Ukishaona limegusa kilima, huna muda wa kutafuta kitufe. Baada ya dakika ishirini hivi ni giza.

Mimi sikuyajua hayo. Nilikuwa nafika saa 12:15 nikihema, naweka kamera kwenye otomatiki, naielekeza kwenye jua. Kamera ikiona maji meusi yamejaa picha inadhani pote ni giza, inaongeza mwanga, jua linaungua. Ikiona jua lenyewe katikati inafanya kinyume, na kila kitu kinakuwa cheusi. Nilichokuja kukitambua ni kwamba napaswa kupima mwanga kwenye anga la pembeni ya jua, si kwenye jua lenyewe, kisha nifunge kipimo hicho na kupunguza kidogo. Hapo rangi zinabaki, na ndege, mtumbwi na matete vinatoka kama vivuli vyeusi vyenye umbo kamili. Kwa mwenye simu ni vivyo hivyo: gusa anga kwenye kioo, shikilia, vuta mwanga chini. Na usivute kwa zumu. Simu haitampata ndege mmoja aliye mbali, lakini kundi zima lililopanga mstari juu ya maji italipata vizuri sana.

Kwenye kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, nilikosea zaidi. Nilikuwa naacha 1/60 ya sekunde kwa kuogopa ISO kubwa (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), nikidhani chengachenga inazozileta pichani ndiyo aibu kuliko zote. Ndege anayepiga mabawa kwa 1/60 ni ukungu. Sasa siendi chini ya 1/1600 kwa ndege anayeruka, na ISO naiacha ipande hadi 3200 bila kuihurumia. Chengachenga hupunguzwa baadaye kwenye kompyuta. Ukungu hauna dawa. Jua likishakuwa nyuma ya kilima ndipo naacha kufukuza mabawa, napiga waliotulia. Na tafadhali, kwa wenye kamera za kuchungulia kwa kioo: usilitazame jua kupitia lenzi ndefu wakati bado ni kali. Jicho halinunuliwi dukani.

Sasa zile picha nane.

Kuna mti mkubwa ufukweni pale, umeegemea maji, ambao yangeyange huutumia kulala. Nilikuwa nimeshapoteza jioni nyingi, nimetumia fedha, na nyumbani nilikuwa naulizwa kila siku, "Leo umepata?" Jioni ile ndege walikuwa wametua wote, weupe kama pamba, jua jekundu nyuma yao, na hakuna aliyekuwa anaruka. Nikamwita mtoto wa pale mwaloni, wa miaka kumi na miwili hivi. Nikampa shilingi 1,000 agonge ndoo chini ya mti.

Akagonga. Mti mzima ukanyanyuka. Yangeyange wale walifunguka angani kama kitambaa, mabawa yakapitisha mwanga mwekundu, nami nikabonyeza, nikabonyeza. Nilifurahi kiasi cha kupiga kelele. Katika picha ya tatu, ukikuza pembeni kushoto, mwewe anaonekana anaingia. Katika ya tano ameshika kitu. Mimi wakati ule sikumwona. Nilimwona mtoto yule amesimama na ndoo yake, ameacha kugonga, anatazama juu.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa anashona nyavu hatua chache kutoka pale. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwalimu, hao wana watoto." Sikuelewa. Akanielekeza kwa sindano yake ya nyavu: kati ya matawi kulikuwa na viota, na makinda mawili yameanguka kwenye tope chini, moja bado linafunguafungua mdomo. Wakubwa wakiruka kwa hofu, viota hubaki wazi, mwewe na kunguru nao wanajua hilo kuliko sisi. Nilisema samahani. Akajibu, "Mimi unaniomba samahani ya nini?" Akaendelea kushona.

Sikwenda tena ziwani msimu ule. Nilijiambia ni mitihani, ila haikuwa mitihani. Darasani nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu habari ya kiota na mwindaji, nimechora ubaoni, na bado nimemlipa mtoto agonge ndoo. Picha nane zile ni nzuri kweli, na yeyote angezisifu, ndiyo maana siwezi kuzitoa.

Zaidi ya hayo nilikuwa naumwa. Ili nipate picha za chini, zile ambazo ndege anaonekana yuko sawa na macho yako, nilikuwa naingia majini hadi magotini, kati ya matete, nusu saa nzima. Ngozi iliwasha usiku wake, nikadhani ni majani. Baada ya wiki kadhaa nikapata homa za vipindi, tumbo kusokota, halafu nikaona damu kwenye choo. Nilimeza dawa za malaria, nikachomwa sindano za taifodi nilizoandikiwa bila kupimwa choo, zaidi ya shilingi 90,000 zikaisha, hali ikabaki ile ile. Mwuguzi mmoja, jirani, ndiye aliyeniuliza swali moja tu: "Huwa unaingia ziwani?" Kipimo cha choo kikaonyesha kichocho. Dawa yake ni prazikwanteli, vidonge vinavyopimwa kulingana na uzito wako, na gharama yake ilikuwa ndogo sana kuliko ya makosa yote yaliyotangulia. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji tulivu yenye majani ya pembeni, pale pale mpiga picha anapopenda kusimama, na hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Kwa hiyo vaa gambuti ndefu, au lala kifudifudi juu ya mwamba na uache maji kwa samaki. Mamba na viboko nao wapo katika ziwa hili. Kabla ya kukaa popote jioni, waulize wavuvi wanaopajua.

Vuli ya 2023 nilirudi. Wiki mbili za kwanza niliiacha kamera nyumbani, nikabeba daftari. Yule mzee nilimkuta pale pale. Nilimsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila," akaitikia, akanisogezea kipande cha ubao nikalie. Hatukuzungumza habari ya mwaka uliopita.

Daftari lile lilinifunza kuliko lenzi. Niliandika nani anapita, saa ngapi, anatoka wapi. Yangeyange wanaofuata ng'ombe mchana walikuwa wanarudi kutoka nchi kavu, vikundi vya kumi, kumi na tano, kati ya saa 12:05 na 12:25. Maana yake ni kwamba mimi niliyesimama ufukweni nikilitazama jua nilikuwa nawapiga migongo wakinikimbia, kila siku. Mnandi wao walikuwa wanatoka ziwani, chini kabisa juu ya maji, wamepanga mstari, na mstari ule ulipita mita kama arobaini mbele ya mwamba mmoja ulioko kusini. Mbayuwayu walishuka kwenye matete mwishoni kabisa, kama moshi unaorudi chini. Nikahamia kwenye ule mwamba wa kusini. Sikuongeza kifaa chochote, nilisogea hatua mia mbili tu, na picha zikaanza kuja zenyewe: ndege wanavuka kati yangu na mwanga, ubavu kwa ubavu, shingo zimenyooka.

Mwamba ule ulinipa na jambo jingine. Umeingia ziwani kama kidole. Kati ya saa 11 na saa 12 nalipa jua kisogo, natazama ufukweni, na kila kilichoko huko kimepakwa dhahabu: furukombe kwenye tawi kavu, fundichuma akibeba kijiti kingine kwenda kwenye kiota chake ambacho tayari ni kikubwa kupita kiasi, mijusi ya rangi nyekundu na buluu juu ya mawe, vitwitwi wakitikisa mkia. Watu wengi wanaokuja kupiga machweo hufika na kulikodolea jua tangu mwanzo, na saa bora ya ndege inawapita nyuma yao. Mimi nilifanya hivyo msimu mzima wa kwanza.

Ndege ninayemshauri kila anayeanza ni mdiria yule wa weusi na weupe. Yeye hukupa nafasi. Huning'inia hewani akipiga mabawa mahali pamoja, kichwa kimetulia tuli kama kimefungwa kwa uzi, kisha huporomoka majini. Ukikaa kimya karibu na tawi analorudia, atakuja mara kumi kwa saa moja. Habari zake pia zinanigusa. Sangara alipoenea ziwani na kuwamaliza furu wengi, wale samaki wadogo wa asili wa hapa, watafiti waliofanya kazi katika ghuba hii hii walikuta kwamba mdiria, ambaye chakula chake kikubwa kilikuwa furu, amehamia kwenye dagaa. Kila nikimwona amenyanyua dagaa mwembamba mdomoni nakumbuka kwamba yule ndege amebadili maisha ndani ya muda ambao baba yangu alikuwa bado kijana.

Dagaa ndiye pia anayepanga picha za mitumbwi. Wavuvi wa dagaa huwavuta kwa taa, kwa hiyo huingia ziwani siku za giza, na mbalamwezi ikiwa kali wengi hupumzika. Mimi nilikuwa nashangaa kwa nini wiki nyingine ziwa lina mitumbwi kumi inayotoka wakati jua linazama, na wiki nyingine hakuna. Ukitaka mtumbwi mbele ya jua, tazama mwezi kabla ya kulipa bodaboda.

Na uombe. Niliwapiga picha wanawake walioanua dagaa kwenye nyavu za kuanikia bila kusema neno, mmoja akainuka akaniuliza, "Kaka, hizo picha zetu unazipeleka wapi, na sisi tumevaa hivi?" Alikuwa na kanga ya kazini, ameloa, amechoka. Nilifuta mbele yake. Wiki iliyofuata walinijua, wakaniita wenyewe, na dada yule yule akaja amebadili kanga.

Mvua za vuli ile ya 2023 zilikuwa nyingi, ule mwaka wa El Niño. Mwanzoni nilikuwa naona mawingu nakata tamaa, nabaki nyumbani. Hapo napo nilikosea. Mwisho wa kiangazi anga letu lina vumbi na moshi wa mashamba, na jua huzimika kama kaa la moto kabla hata ya kufika kilimani. Mvua ya mchana ikishasafisha hewa, mawingu yanayobaki ndiyo yanayoshika rangi, na rangi hiyo hukolea baada ya jua kuzama, wakati wengine wameshafunga mabegi. Kaa dakika kumi na tano zaidi. Ila ukisikia ngurumo, ondoka juu ya mwamba mara moja, wewe na stendi yako ya chuma. Mawingu ya ziwani hayapigi hodi mara mbili. Nilikimbia siku moja nikaacha mfuniko wa lenzi, na sijaujutia.

Mtumbwi nilikodi mara mbili, shilingi 15,000 kwa saa mbili. Stendi haifai humo, maji yanaitikisa, kwa hiyo shika kamera mkononi na upandishe kasi ya shata. Vaa boya hata kama mwenye mtumbwi hajavaa. Na mwambie mapema kwamba hutaki kusogezwa karibu na miti ya kulalia, kwa sababu atadhani anakupendeza.

Tarehe 18 Novemba niliipata ile niliyoitafuta. Mawingu yalikuwa yamegawanyika kama milia ya kitenge, jua limeshuka kwenye pengo, na mnandi kumi na mmoja wakavuka kwa mstari kutoka kaskazini. Nilikuwa nimeshafunga kipimo cha mwanga tangu saa 12:10, nimeweka fokasi kwenye umbali ninaoujua. Nilibonyeza mara sita. Ya nne ina ndege wote, mabawa yote yako juu kwa pamoja isipokuwa wa mwisho, ambaye yake yako chini. Nyuma yao yangeyange wa ule mti wametulia kila mmoja kwenye tawi lake, hakuna hata mmoja aliyeinuka.

Nilipeleka ikasafishwe studio mjini, nakala tatu kubwa: ya darasa, ya kina dada wa dagaa, na ya mzee. Yake nilimpelekea Jumamosi. Alifuta mikono kwenye suruali, akaishika kwa pembe mbili, akaitazama muda mrefu. Nilitarajia aseme kitu juu ya ndege.

"Nzuri," alisema. "Ila jioni ile nilikuwa natoka. Mtumbwi wangu uko wapi?"

Alikuwa sahihi. Mtumbwi wake ulikuwepo, chini kulia, na yeye amesimama ndani na kafi. Nilikuwa nimeukata kwenye kompyuta ili ndege waonekane wakubwa. Jumatatu baada ya vipindi nilirudi studio, nikalipa tena, nikachukua picha nzima.